Miaka minane chini ya balbu moja ya LED: maoni ya fundi cherehani

Balbu ninayoieleza hapa imening'inia juu ya cherehani yangu kwa miaka minane kasoro wiki tatu. Nina hakika ya hesabu hiyo kwa sababu siku niliyoifunga niliandika tarehe shingoni mwake kwa kalamu ya wino usiofutika. Tangu hapo kila balbu iliyoingia nyumbani mwangu nimeiandika hivyo, kisha nikanakili daftarini: iko chumba gani, ni ya wati ngapi, boksi lake linaahidi nini, na kama imezima, imezima lini. Daftari lina balbu kumi na tisa. Kumi na moja zinawaka hadi leo. Nane zimekufa, na hizo nane zimenifundisha mengi kuliko zinazowaka.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba changu cha kazi kina dirisha moja dogo, kwa hiyo nashona kwa taa kwa muda wa saa sita hivi kila siku, mwaka mzima. Mwanga kwangu ni chombo cha kazi kama mkasi. Mkasi butu huharibu kitambaa palepale ukiona. Taa mbaya huharibu kazi ya mteja kimya kimya, na hasara huioni mpaka kuche.

Hii ya juu ya cherehani ni ya wati 9. Boksi lake liliandikwa lumeni 806, kelvini 4000, CRI (namba ya usahihi wa rangi) zaidi ya 90, saa 15,000. Namba hizo nitazirudia moja moja. Lipo na jambo la tano ambalo boksini halikuandikwa, nalo ni uzito. Ilikuwa nzito mkononi. Iliyokaa kando yake rafuni, ya wati zilezile, ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Siku ile sikujua maana yake. Nilichukua nzito kwa hisia tu, kama ninavyochagua kitambaa kwa kukifinya.

Zamani niliwashia globu ya waya, wati 60. Waliozoea globu hizo huhesabu mwanga kwa wati, na hapo ndipo wanapopotea wakienda kununua LED. Wati ni umeme unaoliwa. Lumeni ni mwanga unaotoka. Globu ya wati 60 hutoa lumeni kama 800. LED yangu hutoa hizohizo kwa wati 9. Kwa saa zangu sita za kila siku globu ilikula yuniti 131 kwa mwaka, na LED haifiki yuniti 20.

Tofauti hiyo yote ilikuwa inakwenda kwenye joto. Ndani ya globu mna uzi wa tangsteni unaochomwa na umeme mpaka unang'aa, joto lake likikaribia nyuzi 2,500 za selsiasi, na katika umeme unaouingia haifiki hata sehemu moja ya kumi inayotoka ikiwa mwanga wa kuonekana. Sehemu zilizobaki zilikuwa zinanichoma paji la uso. Nakumbuka natia zipu kwenye gauni la satini ya rangi ya maziwa, jasho likanidondoka kifuani mwa gauni, na doa lile halikutoka. Tena kila baada ya miezi mitano au sita uzi ule ulikatika, maana umri wa globu ni kama saa 1,000, nami nikapanda kiti kubadilisha.

Ndani ya LED hakuna kinachoungua. Mna punje ndogo ya nusu-kipitishi yenye tabaka mbili zilizogandana. Tabaka moja ina elektroni za ziada, nyingine ina matundu yanayozisubiri. Umeme ukizisukuma, elektroni huvuka mpaka na kutumbukia matunduni, na ile nishati inayopotea katika kutumbukia hutoka kama mwanga. Rangi ya mwanga hutegemea kimo cha kutumbukia. Kimo kifupi, nyekundu. Kirefu zaidi, kijani. Kirefu zaidi ya hapo, bluu. Ndiyo sababu punje moja hutoa rangi moja tu, wala haiwezi peke yake kutoa mwanga mweupe.

Jambo hili limechukua muda mrefu kufika kwenye dari zetu. Mwingereza Henry Round aliona mwangaza kwenye kipande cha kaborandamu, kitu kigumu cha kunolea, alichopitishia umeme, mwaka 1907. Mwaka 1962 Nick Holonyak, Mmarekani, alitengeneza LED nyekundu ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana vizuri. Kisha ikabaki bluu, na bluu iliwatoa watu jasho kwa miaka thelathini. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa fuwele za galiamu naitraidi, na mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Kwa nini bluu ipewe heshima kiasi hicho? Kwa sababu ukiwa na bluu unaweza kutengeneza nyeupe: unaipaka punje ya bluu unga wa fosfora ya manjano, sehemu ya bluu inageuka kuwa manjano, iliyobaki inapenya, na jicho linapozipokea pamoja linasema nyeupe. Vile vijisahani vya manjano unavyoviona ukitoa kofia ya balbu ni unga huo.

Basi kumbuka neno hilo: jicho linasema nyeupe. Kitambaa hakisemi hivyo.

LED yangu ya kwanza haikuwa hii, wala haimo daftarini. Ilikuwa nyeupe kama theluji, kelvini 6500, na boksi lake halikutaja CRI popote. Niliipenda kwa siku mbili. Siku ya tatu nililetewa suruali ya bluu iliyokolea ipunguzwe pindo. Usiku nikachambua nyuzi zangu, nikapata unaolingana kabisa, nikashona miguu yote miwili. Asubuhi nikaipeleka dirishani kuipiga pasi na nikaona pindo zima ni uzi mweusi. Nilifumua yote. Wiki ile ile nikakosea tena, na safari hii ilifika kwa mwenyewe: koti la rangi ya damu ya mzee ambalo chini ya taa ile lilionekana kahawia, nikalichagulia bitana ya kahawia. Mteja alilifungua kifuani, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Fundi, hii bitana si ya koti hili." Alikuwa sahihi, na iliniuma, kwa sababu kuoanisha rangi ndiyo kazi ninayojivunia.

Nilijifunza baadaye kilichotokea. Nguo haina rangi ya kutoa yenyewe. Hurudisha ile iliyopokea. Taa ya bluu na manjano, kama unga wake wa fosfora ni duni, ina nyekundu kidogo sana, hasa ile nyekundu nzito. Koti la damu ya mzee chini ya taa kama hiyo linakosa cha kurudisha. CRI, ambayo mabox mengine huiandika Ra, ni namba inayosema rangi zitaonekana karibu kiasi gani na zinavyoonekana kwa mwanga wa jua au wa globu, na kilele chake ni 100. LED nyingi za nyumbani zina 80. Kwa ukumbi na jikoni inatosha. Kwa fundi wa nguo, mpaka rangi, msusi anayetia rangi nywele au anayempamba bibi harusi, 80 ni ndogo.

Tena ina ujanja ndani yake. Namba hiyo ni wastani wa rangi nane za majaribio, na zote nane zimepauka. Nyekundu kali haimo. Hupimwa peke yake, na huitwa R9. Balbu inaweza kupata 80 na bado ikaiua nyekundu. Kwa hiyo sasa sitegemei boksi peke yake. Ninakwenda na nyuzi nne nimezizungushia kwenye kadi, nyeusi, bluu iliyokolea, damu ya mzee na kahawia, naomba balbu iwashwe, naziweka chini yake. Zikinichanganya, nairudisha rafuni. Muuzaji mmoja aliniangalia kwa mshangao mara ya kwanza. Sasa akiniona ananyoosha mkono kuomba kadi kabla sijasalimia.

Kelvini zina mkanganyiko wao. Watu hudhani namba kubwa ni mwanga mwingi, kumbe ni rangi ya mwanga tu: 2700 ni ya manjano ya kutuliza, 4000 ni katikati, 6500 inaelekea bluu. Nyuma ya jicho zipo seli ambazo kazi yake si kuona picha bali kuuambia mwili kuwa ni mchana, na zinasikia zaidi bluu. Ukizimulika sana usiku, mwili unachelewa kutoa melatonini, homoni inayotuandaa kulala. Juu ya cherehani nimeweka 4000, nisisinzie nikiwa na sindano mkononi. Chumbani ni 2700, na nguvu ndogo.

Sasa nije kwenye vifo.

Katika zile nane, tano zilikufa kwenye holda moja. Ni taa ya korido, yenye kuba la kioo lililobana dari pande zote. Balbu tano katika miaka sita, mahali pamoja, huku ile ya juu ya cherehani, inayowaka saa nyingi zaidi, ikiendelea. Mbili zilikufa bafuni, ambako nako taa imefunikwa kabisa kuzuia mvuke. Ya nane ni ile nyepesi kama ganda la yai. Nilirudi kuinunua baadaye kwa ajili ya varanda, nikivutwa na saa 50,000 zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ilizima baada ya miezi minne.

Nilipoona korido inameza balbu nilidhani nyaya zina hitilafu, nikamwita fundi umeme. Alipima nyaya, akasema ziko salama, kisha akaomba nimpe balbu zilizokufa. Nilikuwa nimezihifadhi. Aliipasua moja kwa kisu, akagusa vile vijisahani kimoja kimoja kwa ncha za kipimo chake, navyo vikawaka hafifu, kimoja baada ya kingine, vyote.

"Dada, taa yenyewe haijafa," akasema. "Angalia hiki."

Alinionyesha kapasita, kidude kama kikopo kidogo, kichwa chake kimevimba. Punje ya LED inataka umeme mdogo unaokwenda upande mmoja, ilhali umeme wa ukutani ni mkubwa na hugeuka-geuka. Kwa hiyo shingoni mwa kila balbu mna sakiti ya kuutuliza, mafundi wanaiita draiva, na ndani yake mara nyingi mna kapasita yenye majimaji. Majimaji hayo hukaushwa na joto. Mafundi wana kanuni yao: joto likipanda nyuzi kumi, umri wa kapasita hupungua nusu.

Hapo nilielewa mambo mawili kwa mpigo. Globu ya zamani ilitupa joto lake mbele pamoja na mwanga, likaondoka. LED haitupi joto mbele. Mwanga wake ni baridi, lakini punje yenyewe inapata moto, na joto lote lazima lipite mwilini mwa balbu litoke kwa nyuma, pale pale draiva ilipolala. Uzito nilioupenda mkononi ulikuwa alumini ya kulibeba joto hilo. Ile ganda la yai ilikuwa plastiki. Na korido yangu, kwa lile kuba lisilo na tundu, ilikuwa inazioka balbu kila jioni. Nilipobadilisha kuba na kivuli kilicho wazi chini, balbu ya sita imekaa hadi sasa miaka miwili. Bafuni nimeweka taa ambayo boksi lake limesema wazi kuwa inafaa mahali palipofungwa.

Balbu nyingine aliyoipasua ilikuwa na kifo tofauti. Kijisahani kimoja kilikuwa na nukta nyeusi katikati kama tobo la sigara. Vijisahani hupangwa kwa mfuatano, umeme unapita kimoja kwenda kingine, kwa hiyo kimoja kikiungua njia imekatika na vyote vinazima. Balbu yenye vijisahani kumi na viwili ikazimwa na kimoja! Zipo za aina hii ambazo mtengenezaji amezisukuma kwa umeme mwingi kuliko punje zinavyomudu, ili ziuzwe kwa kung'aa kwake siku ya kwanza. Usizipasue mwenyewe, tafadhali. Sakiti nyingi za ndani hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, na kapasita inaweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa.

Na zile saa za kwenye boksi? Nilidhani saa 15,000 maana yake ni siku itakayozima. Sivyo. LED nzuri haizimi ghafla, inafifia, na saa zinazotajwa kwa kawaida ni muda ambao mwanga umeshuka hadi asilimia 70 ya ulivyoanza. Punje hizo hupimwa zikiwashwa saa elfu kadhaa, mara nyingi 6,000, halafu zinazobaki hukadiriwa kwa hesabu. Kumbuka kinachopimwa ni punje. Kapasita haimo kwenye hesabu hiyo. Saa 50,000 ni karibu miaka sita ya kuwaka usiku na mchana, na hakuna boksi lililoningojea miaka sita.

Balbu yangu ya cherehani imeshapita saa 17,000. Ningekuapia kwamba inang'aa kama siku ya kwanza, maana jicho huzoea kidogo kidogo kama linavyozoea nywele za mtoto kurefuka. Mwezi uliopita nilinunua nyingine ya aina ileile, nikaziwasha bega kwa bega kwenye holda mbili. Nilinyamaza. Ile ya zamani ilikuwa kama imevaa shela. Nikaelewa kwa nini kwa mwaka mzima nimekuwa nikisogeza kiti mbele na kulaumu miwani.

Kuna ubovu mmoja ambao boksi haliutaji na ambao kwa mtu wa mashine ni hatari. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka, na taa yenye draiva duni hupanda na kushuka pamoja nao, mara 100 kwa sekunde au mara 120, kutegemea kama umeme ni wa hezi 50 au 60. Jicho halioni, lakini kichwa kinaweza kuuma. Ile LED yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Usiku mmoja nilikuwa nakimbiza mshono mrefu wa pazia, nikatupa jicho kwenye gurudumu la cherehani, nikaliona limesimama. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio, sindano inapiga, gurudumu limesimama tuli, mikono yake ya chuma nahesabu moja moja. Lilikuwa linazunguka kwa mwendo uliolandana na kupepesa kwa taa, hivyo kila taa ilipowaka, mkono mwingine ulikuwa umefika mahali palepale. Kama ningelishika nikidhani limesimama, ningejiumiza. Kuipima taa ni rahisi: ielekezee kamera ya simu kwa karibu. Ukiona mistari myeusi inatambaa kwenye kioo, usiifunge karibu na kitu kinachozunguka.

Balbu nyingine, ya stoo, ilibaki na mwanga hafifu kama kimulimuli hata baada ya kuzimwa. Niliipuuza kwa miezi. Fundi umeme alipoiona alikwenda moja kwa moja kwenye swichi: ilikuwa inakata waya wa nyutro, wa kurudishia umeme, badala ya waya wa moto unaouleta, na huo wa moto unafika kwenye holda saa zote. Globu ya zamani isingewahi kunionyesha, maana umeme mdogo namna ile hauwezi kuichoma mpaka ing'ae. Wakati mwingine sababu ni ndogo zaidi, kama swichi yenye kitaa chake cha ndani. Lakini usikae nayo bila kumwita fundi, kwa sababu nilichokuwa nacho mimi kingempa mtu umeme siku ya kubadilisha balbu.

Watu husema LED ni rafiki wa mazingira, nami nakubali, ila kwa sababu ambazo lazima zitajwe. Kwanza, mzigo mkubwa wa taa kwa mazingira hauko kiwandani wala jalalani. Uko kwenye umeme unaokula katika maisha yake yote, hasa pale umeme unapotokana na makaa au mafuta. Kwa hilo yuniti 20 badala ya 131 ni jambo kubwa. Pili, haina zebaki. Zile enaji seva za mirija iliyojisokota, nilizotumia kwenye vyumba vingine kabla ya LED, zilikuwa na miligramu chache za zebaki kila moja. Moja ilinipasukia mezani juu ya vitambaa vilivyokatwa tayari. Nilifungua dirisha, nikatoka, nikarudi kuokota vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa kunata, na vitambaa vile nilivitupa vyote. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 kudhibiti zebaki, sasa unaziondoa taa za aina hiyo sokoni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuwa utengenezaji na biashara ya mirija ya floresenti iliyobaki vikome ifikapo 2027. Nimefurahi kusikia hivyo kwa niaba ya kila mtu aliyewahi kuokota vioo vile kwa mikono mitupu.

Lakini LED nayo ni kifaa cha elektroniki. Ina galiamu, ina indiamu, fosfora yake ina itriamu na siriamu, ina shaba, alumini na risasi ya kulehemu katika baadhi yake. Zile nane zangu hazikwenda kwenye ndoo ya takataka. Ziko ndani ya boksi la viatu, nikisubiri kuzipeleka zinakopokelewa simu na redio mbovu. Na ndiyo maana zile tano za korido zinanisikitisha kuliko yuniti zozote nilizookoa pale. Tano badala ya moja, punje zake zote nzima, zimekufa kwa sababu ya kuba la kioo. Ningekuwa na sauti kwa watengenezaji ningeomba kitu kimoja: draiva inayofunguka kwa skrubu, ibadilishwe kama tunavyobadilisha sindano ya cherehani iliyokatika, badala ya kutupa mashine.

Jambo la mwisho linanihusu mimi na varanda yangu. Baada ya kujua LED inakula kidogo niliongeza taa nje, moja, mbili, zikafika nne, zote kelvini 6500, zinawaka mpaka alfajiri. Nilijiambia hazili kitu. Jirani yangu, mama mtu mzima, alinisimamisha asubuhi moja akaniambia, "Mwanangu, sijalala vizuri tangu uweke zile taa." Dirisha lake linatazama ukuta wangu. Nilimwomba radhi palepale. Usiku huo nilitoka nikasimama upande wake, nikaona anachokiona: ukuta wangu ukimeremeta, wadudu wamerundikana, na juu yake hakuna nyota hata moja.

Mwanga wa bluu hutawanyika hewani zaidi ya mwekundu, kwa sababu ileile inayoifanya anga ya mchana iwe bluu, kwa hiyo taa nyeupe sana ndiyo inayofuta nyota zaidi. Vitoto vya kasa vikitoka mchangani huelekea penye mwanga wa upeo wa bahari, na taa za ufukweni huvivuta nchi kavu. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa eneo la dunia linalomulikwa na taa za binadamu nje usiku lilikua kwa asilimia 2.2 kila mwaka kati ya 2012 na 2016, katika miaka ileile LED zilipokuwa zinaenea. Nuru imekuwa rahisi, tukaimwaga.

Niliondoa tatu. Ya nne nimeibadilisha kwa ya kelvini 2700, ina kivuli cha bati kinachoielekeza chini kwenye ngazi, na kihisio kinachoiwasha mtu akipita. Wadudu wamepungua sana. Mama jirani hajasema neno tena, ila safari iliyopita aliniletea gauni lake la kubana, niliongeze kiunoni.

Kwa hiyo hii ya wati 9 naipa nyota tano kati ya tano kwa kazi ya cherehani, nikiwa nimeifunga kwenye kivuli kilicho wazi. Ingekuwa ndani ya kuba, ningeipa mbili. Ile ya saa 50,000 sipendi hata kuihesabia nyota.

Mpya nimeifunga juzi juu ya cherehani, tarehe iko shingoni. Ya zamani nimeihamishia stoo, ambako swichi imeshatengenezwa na ambako natafuta tu mabunda ya bitana, wala sioanishi rangi. Huko inawaka dakika chache kwa siku. Daftarini nimeiachia mistari mitatu mitupu.